Utosini Wanakosomea Viatu

Mwenye kutaka kujua njia ya kwenda Utosini asiitafute humu. Mrutu alikwenda, akarudi, na kwa habari ya njia hiyo inatosha. Tuanzie pale alipofika langoni, viatu vya marehemu mkewe vikiwa kwapani.

Mrutu alikuwa fundi bomba wa Same, mtu wa darasa la nne, anayesoma kwa kufuata mstari kwa kidole. Mkewe, Namsifu, alifariki mwaka mmoja kabla ya safari hii, baada ya kupigwa picha ya mishipa ya damu ya ubongo katika hospitali kubwa mbali na kwao. Kichwa kilikuwa kikimuuma hata anatapika, na daktari akasema lazima ijulikane kama kuna mshipa uliovimba. Walimpiga picha asubuhi, wakasema mambo yamekwenda salama. Saa nane mchana Namsifu akainuka kitandani kwenda msalani, maana alikuwa mtu wa haya, hakutaka kuwekewa chombo mbele ya watu. Alirudi akilalamika kiuno. Saa kumi alikuwa amekata roho. Damu ilivuja kwa ndani, kutoka pale kwenye kinena walipopitishia mrija.

"Hamkuambiwa asiinuke?" daktari mmoja alimwuliza Mrutu, tena kwa ukali, kama anayekemea mtoto aliyevunja kikombe.

Swali hilo ndilo lililomtoa nyumbani. Hamkuambiwa? Aliambiwa nani? Kwa mdomo wa nani? Alipowauliza wakubwa wa hospitali walimwambia aandike barua. Akaandika. Wakamwambia barua imepokelewa. Basi Mrutu akaapa kwamba atakwenda hata mwisho wa dunia, asikie kwa masikio yake mwenyewe neno ambalo mkewe alipaswa kuambiwa. Viatu alivichukua kwa kuwa ndivyo alivyorudishiwa, pamoja na kanga mbili. Vilikuwa viatu vya kufunika, vipya, alivyomnunulia kwa safari ile ile ya hospitali. Vilikuwa vikubwa kidogo, na Mrutu mwenyewe alivijaza karatasi mbele walipofika huko ili visimpwaye.

Utosini ni nchi ya mlima mmoja wa mviringo, na juu ya mlima ipo hospitali yenye kazi moja tu: kupiga picha mishipa ya ubongo. Watu wa huko huumwa sana kichwa. Wenyewe husema ni kwa wingi wa kufikiri. Mrutu alikaa huko siku nane na hakuona dalili za kufikiri kwingi, ila aliona vikao.

Juu ya lango imechongwa methali kwa herufi za shaba: ASIYEJUA MAANA HAAMBIWI MAANA. Kwetu methali hiyo ni ya kumsuta mjinga. Kule ni sheria ya nchi.

Chini ya lango alimkuta Msajili, mtu mwembamba aliyekaa nyuma ya rundo la viatu, anavipanga jozi jozi kama mchuuzi wa mitumba.

"Vua, mzee mgeni," alisema bila kuinua uso. "Ndani hakuingiwi na viatu."

Mrutu akavua makubazi yake. Msajili akayafungia kipande cha karatasi chenye muhuri, kimeandikwa: AMEARIFIWA.

"Nani amearifiwa?" Mrutu akauliza.

"Bado. Ataarifiwa saa tatu, Msomaji akija."

"Mimi?"

"Makubazi."

Mrutu akadhani anataniwa. Msajili akamweleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara nyingi na kulipenda. Sheria ya zamani ilisema kila mgonjwa aarifiwe kabla ya kuingia: atafanywa nini, hatari zake nini, aseme nini, ajihadhari na nini. Akateuliwa Msomaji wa kusoma maelezo hayo mlangoni. Lakini wagonjwa huja alfajiri na Msomaji huja saa tatu, maana yeye ni mtumishi wa serikali. Akifika, watu wamekwisha kuingia, vimebaki viatu vyao. Msomaji wa kwanza, mtu mwaminifu, hakutaka siku ipite bila kufanya kazi yake. Akavisomea viatu. Wakubwa walipogundua kosa wakakaa kikao, na badala ya kumwita Msomaji mapema wakarekebisha sheria. Sasa inasema: ataarifiwa mgonjwa, au kitu chake kilichobaki nje.

"Na asiye na viatu?"

Msajili akanyoosha kidole kwenye kabati la kioo. Ndani palikuwa na jozi ya viatu vya ngozi vilivyochakaa, vimewekwa juu ya kitambaa chekundu. "Hivyo ni viatu vya serikali. Anayekuja pekupeku huazimwa mlangoni, akavua, vikasomewa kwa niaba yake. Vimesomewa mara elfu nne. Hakuna daktari nchi hii anayejua mishipa kuliko vile."

Kisha akaviona viatu vya Namsifu kwapani. "Na hivyo?"

"Vya mke wangu. Marehemu."

Msajili akavipokea kwa heshima, akavipima uzito mkononi, akatia vidole hadi mbele ya kiatu cha kulia. Akatulia. Akamrudishia Mrutu.

"Hivi havina haja ya kusomewa," alisema. "Vimeshiba."

Mrutu aliliona hilo kuwa dhihaka, akalimeza. Mtu akifiwa huzoea kumeza.

Ndani, kwenye ukumbi mrefu, wagonjwa walikaa kwenye mabenchi, pekupeku, kila mmoja anatazama vidole vya miguu yake. Mwanamke mnene mwenye kilemba cha njano akamsogezea nafasi.

"Karibuni mkae," alisema. "Naona mko wawili, na wote mmenuna."

"Niko peke yangu, mama."

"Ndiyo ugonjwa wangu huo. Kila mtu namwona mara mbili. Jana mume wangu kaja na mwenziwe, nikawapikia uji wote wawili." Akacheka mwenyewe. "Naitwa Sikujua. Mpika maandazi. Na wewe, mzee, wa kichwa au wa kusindikiza?"

"Nimekuja kusikiliza."

"Kusikiliza! Hapa labda usikilize tumbo langu. Tumeamriwa tusile. Amri tunapewa, sababu zinakaa na viatu."

Mrutu akamwuliza atafanywa nini. Bi Sikujua akasema ni picha tu, kama ya kitambulisho. Ameitwa kesho asubuhi. Leo amekuja kushika nafasi. Mrutu akamtazama usoni akasema si ya kitambulisho, kuna mrija unapita ndani ya mshipa na kuna dawa ya rangi inamiminwa.

"Dawa ya rangi?" Uso wa mama ukabadilika. "Mzee usinitanie. Miaka mitatu nyuma walinipiga picha ya figo, wakanitia dawa wanayoiita ya rangi. Mwili mzima nilijikuna kama mbwa, na mdomo ukaumuka kama andazi. Pumzi niliipata kwa taabu."

"Umewaambia?"

"Kaniuliza nani? Asiyeulizwa hapa hasemi. Hata kidonge changu cha moyo, kile cha kufanya damu isigande, hakuna aliyekiulizia."

Damu isigande. Mrutu alikumbuka shuka la Namsifu, jeupe, halina hata tone, na ndani ya mwili mafuriko.

Akainuka kwenda kwa Mkuu wa Kuarifu, aliyeitwa Bwana Yatosha. Akamkuta kikaoni. Baraza lilikuwa na mwaka wa tisa likijadili kama ndala zihesabiwe kuwa viatu. Upande mmoja ulisema ndala iko wazi, maneno yanavuja, kwa hiyo mwenye ndala hajaarifiwa. Upande mwingine ulisema kiatu cha kufunika nacho kina joto, maneno yanaoza. Mjumbe mmoja mzee alishauri wasomewe watu wenyewe, akazomewa hata akakaa.

"Kwa nini msimwambie mgonjwa?" Mrutu akauliza, aliporuhusiwa. Alikuwa amesimama, kofia mkononi.

Bwana Yatosha hakukasirika. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya asali. "Ndugu mgeni, mtu akiambiwa anaogopa. Akiogopa anatetemeka, na picha inaharibika. Kiatu hakitetemeki. Tena mtu akiambiwa anauliza. Akiuliza mmoja wanauliza wote, foleni inasimama. Umewahi kuona kiatu kinauliza?"

"Mimi ni fundi bomba, bwana," Mrutu akajibu. "Nikifungua bomba kuu naingiza waya ndani, kwanza nawaambia wenye nyumba: msifungue maji mpaka niwaambie. Nisipowaambia, akafungua mtu, nyumba ikajaa maji, kosa la nani? La ndoo?"

Wajumbe wakatazamana. Bwana Yatosha akatabasamu. "Na je, ndoo ililalamika?"

Ukumbi ukacheka. Mrutu hakucheka. Aliwatazama wale watu walioshiba, akaona ni wale wale wa nyumbani, wamebadilisha kofia tu.

"Basi nipeni ruhusa nikasikilize hayo maelezo."

"Hairuhusiwi. Sheria inataka viatu."

Sasa, Mrutu alikuwa Mpare, na Mpare kwa kesi hahitaji wakili. Mrutu akaweka viatu vya Namsifu chini, akaingiza miguu yake. Havikumtosha. Visigino vilibaki nje, na vidole vikakunjana juu ya karatasi iliyojazwa mbele.

"Hivi ni viatu," alisema. "Sheria yenu imesema popote kwamba lazima viwe vitupu?"

Wakaleta sheria. Wakaipekua mbele, wakaipekua nyuma. Haikusema. Wakajadiliana mpaka adhuhuri, wakaamua: Mrutu atasimama mlangoni kesho saa tatu, miongoni mwa viatu, na atahesabiwa kuwa kiatu. Asiseme neno. Asitikise kichwa.

Asubuhi akasimama. Viatu vilipangwa mistari sita kwenye sakafu ya saruji: raba, malapa, viatu vya shule vilivyokatwa visigino, na mbele kabisa viatu vya serikali kwenye kitambaa chao. Wenyewe walikuwa wamekwisha kuingia. Kupitia uwazi wa mlango Mrutu alikiona kilemba cha njano, wa kwanza kwenye benchi.

Msomaji alikuja, mwanamke wa makamo, Bibi Tamka, amejipaka hina. Akafungua kitabu, akasafisha koo, akavisalimu viatu, akaanza kusoma. Na hilo ndilo lililomuuma Mrutu kuliko yote, maana alisoma vizuri. Alisoma kwa Kiswahili chepesi, taratibu, sauti yake kama ya mama anayemwelekeza binti dukani.

"Leo tutaangalia mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo wako. Kuna picha zinazoweza kupigwa bila mrija, kwa mashine, na una haki ya kuuliza kwa nini hiyo haikutosha. Kwa picha ya mrija, tutakuchoma sindano ya ganzi kwenye kinena au kwenye kifundo cha mkono, tupitishe mrija mwembamba ndani ya mshipa hadi shingoni. Mrija ukipita ndani hutauhisi. Tukimimina dawa ya rangi utasikia joto usoni, usishtuke, linapita. Hatari zipo. Ni chache, ila zipo: damu kuvuja, mshipa kuumia, na mara chache sana, kiharusi. Ndiyo maana tunakuuliza kabla."

Akafunua ukurasa.

"Tuambie kama una mimba. Tuambie kama figo zako ni mbovu, au unakunywa dawa ya kisukari. Tuambie kama unakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda. Tuambie kama dawa ya rangi iliwahi kukuwasha, kukuvimbisha au kukubana pumzi. Usinyamaze. Hata kama hujaulizwa."

Viatu vilinyamaza.

Mrutu alitazama mlango. Muuguzi alikuwa amekwisha kumshika Bi Sikujua mkono. Lakini neno alilosafiria lilikuwa bado halijasomwa. Alijua liko ukurasa unaofuata. Akasubiri pumzi moja. Bibi Tamka akalowesha kidole, akafunua.

"Baada ya picha..."

Kilemba cha njano kikapotea nyuma ya pazia. Mrutu akatoka mbio.

Alikimbia ukumbini na viatu miguuni, jambo ambalo halijawahi kutokea Utosini. Wagonjwa wakapiga kelele. Mlinzi akaanguka kwenye beseni. "Bi Sikujua!" alipaza sauti. "Waambie habari ya mdomo! Waambie na kidonge!"

Nyuma ya pazia daktari kijana alikuwa amekwisha kuvaa glavu. Akasimama. "Mdomo gani, mama?"

Bi Sikujua akaeleza. Daktari akamsikiliza hadi mwisho, akavua glavu moja, kisha ya pili. "Mbona hukusema, mama yangu?"

"Hukuniuliza, mwanangu."

Yule kijana akakaa kwenye kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwamba siku zote alijua wagonjwa wamearifiwa, kwa kuwa ameona vibandiko kwenye viatu.

Picha ikaahirishwa. Walimwita daktari wa moyo, wakapanga habari ya kile kidonge, wakampa dawa za kuzuia ule mwasho, na siku ya tano wakampiga picha, mtu wa dharura amesimama kando na sindano yake tayari. Mshipa uliovimba ulionekana, bado haujapasuka. Mrutu, aliyekuwa amefungiwa chumba cha pili akingoja hukumu, alisikia kila kitu kupitia ukuta. Alimsikia daktari kijana akimsomea Bi Sikujua, yeye mwenyewe, wala si viatu vyake: "Utalala chali kwa saa sita. Mguu huu unyooke. Usiukunje, usiinuke hata kwa haja. Ukisikia maumivu ya kiuno au tumbo, jasho, kizunguzungu, au umajimaji wa moto kwenye kinena, piga kelele. Mguu ukifa ganzi, ulimi ukiwa mzito, piga kelele."

Basi. Ndilo neno lenyewe. Lilikuwa fupi, halikuzidi urefu wa salamu za asubuhi.

Na baada ya saa mbili akamsikia Bi Sikujua mwenyewe, wodi nzima ikisikia: "Nimebanwa! Leteni beseni! Nimekatazwa kuinuka, na mwenye haya afumbe macho!"

Wodi ikacheka. Mrutu akaegemeza paji la uso ukutani.

Siku ya nane wakamhukumu. Foleni ilikuwa imesimama kweli, kama Bwana Yatosha alivyotabiri. Tangu siku ile kila mgonjwa alikuwa anauliza, wengine walikataa kuvua viatu. Kosa la Mrutu likatajwa: kiatu kilichosema. Kwa desturi ya Utosini haulizwi mtu, huulizwa viatu. Wakaviweka viatu vya Namsifu juu ya meza, jaji akaviuliza mara tatu, "Mlisema?" Vikanyamaza. Kunyamaza kule ni kukiri, na ndivyo kesi zote za wafiwa zilivyokwisha miaka yote.

"Adhabu," jaji akasema, "vitolewe kila kitu vinachokijua, kisha mgeni arudi kwao."

Msajili akaingiza vidole kwenye kiatu cha kulia. Akavuta karatasi iliyokunjwa mara nne, imeshikamana kwa jasho, imechukua umbo la vidole. Akaikunjua, akaitazama, akamkabidhi Mrutu kwa mikono miwili, kama siku ile langoni.

Mrutu akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Muhuri wa juu ulikuwa wa hospitali ile ya kwao. Maneno yalikuwa ya Kiswahili. MAELEZO KWA MGONJWA WA KIPIMO CHA MISHIPA YA UBONGO. Kidole kikashuka polepole. Mstari wa sita ulisema: *Baada ya kipimo lala chali kwa saa sita, mguu ukiwa umenyooka. Usiinuke.*

Bi Sikujua, aliyekuja na fimbo kumtolea ushahidi, akamsogelea. "Nani alikupa hiyo, mzee?"

"Muuguzi. Pamoja na makaratasi mengine."

"Akakwambiaje?"

"Alisema, 'Shika, baba, zitunze.' Akaenda. Foleni ilikuwa ndefu."

"Ukazitunza wapi?"

Mrutu alikuwa anazitazama zile kunjo nne. Kila fundi huijua kazi ya mkono wake.

Yapo mengine ya Utosini, na Baraza la ndala huenda bado linakaa. Mrutu alirudi Same pekupeku. Hajawasamehe wakubwa, na ukimkuta leo atakwambia kwamba mtu akipewa karatasi bila mdomo amepewa kitu cha kujazia viatu. Hulisema hilo kwa ukali, kisha hutazama mkono wake.

Kila Jumanne hupanda basi kwenda hospitali ile ya mbali, akakaa kwenye benchi nje ya chumba cha picha, jozi ya viatu vya kike mapajani. Walinzi wamemfukuza mara saba. Humgeukia yeyote anayengoja na kumwuliza, "Umesomewa?"

Wengi humwonyesha karatasi.

"Sikuulizi hiyo," husema. "Wewe. Umesomewa wewe?"

Kisha huitoa yake, yenye kunjo nne, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza. Husoma taratibu, akikwama hapa na pale. Akifika mstari wa sita huondoa kidole, akafumba macho, akausema wote bila kukwama.